Kikombe cha Kimeli

Kila baraza la jiji linapokaa, mama wa chai huweka kikombe kimoja mbele ya kiti kitupu karibu na dirisha. Hukijaza hadi juu, akageuza mkono wa kikombe kulia. Kikao kikiisha hukimwaga nje, chai imepoa, imejaa vilevile. Irungu, askari wa mlangoni, anajua ni cha Kimeli, mwana wa mama huyo, mtetezi wa haki aliyebebwa kwa nguvu garini kule Yamumbi, asionekane tena.

Siku ya kujadili kuipa barabara jina la Kimeli, diwani mmoja alimtania: “Mama, leo si utatuongezea mandazi? Tunamweka kijana wako kwa barabara!”

“Mheshimiwa, barabara mnapea wafu. Nyinyi mlimzika wapi?”

Kicheko kikakatika. Hata hivyo mikono yote ikainuliwa, jina likapita.

Mama akaenda dirishani. Irungu hakuwa ameona mtu akikaribia kile kiti, lakini kikombe kilikuwa kimekauka, na mkono wake umegeukia kushoto. Mama akakikumbatia kwa viganja viwili kama kingali na joto.

“Kumbe amewasikia,” akasema, akaacha birika mezani, akatoka nacho. Hakurudi tena.