Ng'ombe Chini ya Kiganja

Mkutano wa wazazi uligawanyika mapema. Upande mmoja ulitaka watoto wadogo waanze kusoma kwa Kijaluo, lugha ya nyumbani. Upande wa pili ulitaka Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mwalimu, wa upande wa Kiingereza, akasema tuache kelele, tusikilize mtoto. Akamwita binti wa dada yangu, ninayemlea hapa Magunga.

Akasoma ukurasa mzima wa Kiingereza bila kukwama. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, halafu mikono ikalegea. Kidole chake kilikuwa kimefika mwisho wa mstari, mdomo bado uko katikati.

Mchezo huo naujua. Kanisani nimeshika kitabu cha nyimbo miaka mingi, naimba kuwashinda wote, kumbe ukurasa sio huo. Shule niliacha darasa la sita. Nyimbo niliziokota kwa masikio.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Hebu nisomee tena, nyathina, mwanangu." Akaanza vizuri. Nikaweka kiganja juu ya picha. Akakwama.

"Endelea basi."

"Mama mdogo, toa mkono. Umefunika ng'ombe."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu moyo ukaniuma. Ijumaa mgeni wa ofisi ya elimu angekuja shuleni kutoka Homa Bay, na huyu ndiye angesoma mbele yake. Akisifiwa, nani tena atamfundisha?

Nikamfuata mwalimu. "Mwalimu, mtoto hasomi. Amekariri."

"Kwani wewe umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka pale pa kuwajua wanaojifanya. Mimi ni mmoja wao."

Hakucheka. "Mgeni anakuja. Tafadhali usiniharibie."

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku na yeye. Hakuniuliza hata nimejuaje.

Siku zilizobaki, mtoto akitoka shule tulikaa mlangoni, picha tumeifunika kwa sahani ya omena, dagaa wetu wa ziwani, tukivuta herufi moja moja. Maneno mengine hata mimi nilikuwa nayaona upya.

Ijumaa mtoto akasimama mbele ya mgeni, akanitazama, akaweka kiganja chake mwenyewe juu ya picha. Akasoma maneno matatu, polepole. La nne likamshinda.

"Wee! Si juzi alisoma yote?" mzazi mmoja akanong'ona. Nikapiga makofi peke yangu.

Mgeni akainama. "Mbona unafunika?"

"Huyu ng'ombe ananiambia majibu."

Mwalimu alitazama dirishani. Mgeni akamwita mtoto wa pili. "Na wewe," akasema, "funika."