Mwezi Tulioupiga Picha Kibabi

Juma lililopita, hapa Walikale, mvua ilikatika ghafla na mwezi ukatoka juu ya miti. Nilikuwa nimeletewa kishikio cha plastiki cha kufungia simu kwenye darubini. Nikafunga, nikabonyeza, picha ikatoka safi. Badala ya kufurahi, nilianza kuzunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikajua ni Kibabi, kijiji chetu cha zamani, inanisumbua tena.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa anatulia. Magunia yalikaa yamefungwa nyuma ya mlango. Tulipalilia maharagwe, lakini masikio yalikuwa ng'ambo ya bonde, kule milio ya risasi ilikotoka. Bibi alikuwa anasonga ugali wa muhogo akiwa amevaa viatu kabisa.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa na darubini ndogo aliyoachiwa na padri mmoja. Tantine, dada mdogo wa baba, njo alikuwa mpiga picha wa kijiji: ndoa, ubatizo, picha za kadi za shule. Nikaona darubini na apareyi, ile kamera yake, lazima vikutane. Nilimsumbua mwalimu, nikamsumbua tantine, hadi wakakubali kwa kunichoka.

Mara ya kwanza tantine alishika apareyi yake kwa mkono mbele ya kioo cha kuchungulia cha darubini. Likatoka doa jeupe tu. Nikakata kipande cha bidon, dumu la plastiki, nikakikunja kama shingo: upande mmoja kishike kioo, mwingine kishike apareyi. Nikakaza kwa mpira wa tairi la baiskeli. Sasa uzito ukaivuta darubini nyuma. Bibi akanipa maharagwe ndani ya soksi, tukayaning'iniza mbele, ikasawazika. Lakini ukigusa kitufe, kila kitu kinatikisika.

Jioni moja baba akaingia kutoka barabarani. "Kesho asubui tunatoka. Tunaenda Walikale."

Mimi nilimshika bibi mkono, nikamwita tantine, tukaenda kwa mwalimu. Jua lilikuwa linazama, na nusu ya mwezi ilikuwa tayari juu.

"Tutumie retardateur," tantine akasema. "Apareyi ijipige yenyewe, baada ya sekunde kumi."

"Mwezi utakuwa umeshatoka kwenye kioo," mwalimu akajibu. "Uuweke pembeni. Utaingia katikati wenyewe."

Tantine akabonyeza, tukarudi nyuma. Mimi, niliyekuwa sijui kusimama mahali pamoja, nilisimama. Ikalia, tik.

Kwenye kioo kidogo cha apareyi tuliona nusu ya mwezi, na pale mwanga unapokutana na kivuli, mashimo na vilele. Bibi aliishika kwa mikono miwili.

"Kumbe iko na milima," akasema. "Sawa ya kwetu. Na kule batu banakimbia?"

"Hapana, Mama," mwalimu akamjibu. "Kule hakuna muntu."

"Ah. Njo maana iko na amani."

Tulitembea siku nyingi. Mwalimu alibaki kufunga shule. Walikale, msitu ulitubania mbingu, tukaona mawingu na majani. Tantine akaanza kuwapiga picha wakimbizi wenzetu, waliozihitaji kwa kadi zao, mpaka apareyi ikajaa. Akanipa mimi nitafute za kuondoa.

Nikazipitia moja moja. Bwana harusi na bibi harusi. Mwalimu mlangoni pa darasa. Jirani yetu akicheka na jembe begani. Habari ya kifo chake tulikuwa tumeshaisikia njiani. Nikafika kwenye mwezi, nikaufuta.

"Weye mwenyewe?" tantine akashangaa.

"Ule nitauona tena."

Picha zilipochapishwa, mke wa jirani alipewa ile ya bwana wake, ya pekee aliyowahi kupigwa. Akaifunga kwenye pindo la kitenge, akaondoka.

Sijajuta kamwe. Lakini sasa bibi amezikwa hapa msituni, tantine anaishi Kisangani, na mwalimu hatujui aliko. Wanaopita Kibabi wanasema shule haina mabati na mashamba yetu yameliwa na magugu. Mwezi nimeuona tena, kweli, mara nyingi. Ila kila ukitokea nageuka kumwita mtu aje atazame, na sijui nimwite nani.