Maji Yasiyomuunguza Bi Wahiba

Kwetu Madale mwanamke akijifungua, kabla mtu hajauliza mtoto kaitwa nani, anauliza kama Bi Wahiba kaambiwa. Huyo ndiye mkandaji wetu. Hana bango wala kadi. Ana sufuria kubwa, taulo mbili na mdomo. Ukilia akikukanda anakwambia, "Lia mwanangu, lakini legeza tumbo." Mie mtu wa bara alinikanda uzazi wa Edgar, nikamchukia arobaini nzima. Ilipotoka nikajaribu gauni langu la zamani, likaingia. Chuki ikaisha hapo hapo.

Maji yake anayapimaga kwa kiwiko. Vidole havitaki. Anasema vidole vya mwanamke wa jikoni vimeshaota sugu, vinadanganya.

Mwaka jana binti yake wa pekee, Khulud, alirudi nyumbani kusubiri kujifungua mimba ya kwanza, kama desturi yao. Bi Wahiba akatangaza mtaa mzima: "Matumbo ya watu nimekanda mpaka basi. Huyu wangu simpi mtu." Ukimuuliza anataka nini duniani, ni hilo tu.

Asubuhi moja nipo gengeni kwangu napanga nyanya, nikasikia Khulud ananiita kwa ukelele. Nikavuka barabara mbio. Nikamkuta Bi Wahiba uani, kaketi chini, mgongo kaegemeza ukutani. Alikuwa anaanika taulo, maumivu yakamkaba mgongoni, yakamzunguka kama mkanda, na miguu ikalegea papo hapo. Mikono mizima. Mdomo mzima.

"Shikamoo Bi Wahiba. Umeanguka?"

"Marahaba. Sijaanguka, nimekaa. Mama Edgar, nikande, mishipa imekaza tu. Nikikandwa nainuka."

Mdogo wake Matar, mwenye duka la pembeni, naye akaingia na lake. "Huu upepo, kuna kitu kimempitia. Tumtafute mtu wa kumsomea."

"Upepo gani unachukua miguu unaacha mdomo?" nikamwambia. "Ungekuwa na akili ungeanza na mdomo."

Bi Wahiba akacheka. Hata pale alicheka.

Sufuria ilikuwa jikoni tayari. Nikachovya taulo, nikakamua, nikamwekea pajani.

"Unasikia?"

"Nasikia mkono wako, mzito kama gogo. Lakini maji ya baridi. Ongeza moto."

Nikachochea kuni. Nikaweka tena.

"Baridi bado. Unanikanda au unaniosha?"

Vidole vyangu vilikuwa vinawaka. Nikatumbukiza kiwiko, kama alivyonifundisha mwenyewe, nikakitoa mbio, nusura nitukane. Nikafunua taulo: paja limekuwa jekundu kama nyanya zangu.

"Bi Wahiba, haya maji ya kusongea ugali."

"Muongo wewe."

Sikubishana. Nilisogeza sufuria, nikamshika mkono, nikamgusisha maji kwa kiwiko chake mwenyewe. Akaruka bega. Akaliangalia paja lake kama la mtu mwingine.

"Matar," akasema, "acha upepo wako. Leta gari."

Tukambeba kwenye godoro, kalala chali, tukateremka naye hadi hospitali kubwa ya mjini. Daktari aliyempokea ni dada mmoja anaitwa Tusajigwe. Nikamweleza: huyu anasikia mkono, hasikii moto. Akatoa sindano, akamchoma kidole cha mguu taratibu. Bi Wahiba akasema, "Umenigusa." Mchomo hakuusikia. Wakamwingiza kwenye lile bomba la kupiga picha za ndani.

"Mshipa unaopeleka damu mbele ya uti wa mgongo umeziba ghafla," daktari akatwambia. "Njia za moto, za maumivu na za kuinua miguu zipo huko mbele. Njia ya kuguswa ipo nyuma, inapata damu kwingine. Ndiyo maana anasikia mkono wako."

"Sasa mtazibua?" nikauliza.

"Kilichokufa sikifufui, mama. Kilichozimia ndicho tunachokipigania. Vizuri mmekuja bila kuzunguka."

Wakamtundikia dripu, wakasimamisha dawa zake za presha kwa muda, maana presha ikishuka damu haifiki pale. Matar, mwenye huruma zake, alikuja na vidonge hivyo mfukoni ili ampe kwa siri. Nilimpokonya mlangoni. Wakamwekea mpira wa mkojo, wakamfunga lile paja, na zamu kwa zamu tukamgeuza asipate vidonda. Baadaye akaanzishiwa vidonge vya kuzuia damu isigande tena.

Wenzake wodini walikuwa wanauliza watatembea lini. Yeye akauliza, "Nitakanda lini?"

"Mikono ipo," Tusajigwe akajibu. "Ukiweza kuketi wima bila kushikwa, utakanda. Kutembea kutafuata kadiri mwili utakavyoruhusu. Sikuahidi."

"Sijakuomba ahadi. Nimekuomba mazoezi."

Akakabidhiwa kijana wa mazoezi ya viungo, Gaspar. Maskini Gaspar! "Mwanangu, unavuta mguu au unang'oa muhogo?" Lakini alichoambiwa alifanya, na akaongeza. Alianza kuketi akiyumba kama mtoto. Baadaye akaketi kama malkia. Alirudi nyumbani anasukuma kile chuma cha kutembelea, mguu wa kulia ukinyanyuka, wa kushoto ukiburutwa. Moto bado hausikii, kwa hiyo marufuku kwake kukaa karibu na jiko, na maji yake ya kuoga napima mie.

Khulud akajifungua salama, mtoto wa kike. Kesho yake nikabeba sufuria, nikaitua mbele ya kigoda cha Bi Wahiba. Akajivuta mpaka akatulia, akakunja mkono wa gauni, akazamisha kiwiko. Akangoja kidogo. Akachukua taulo.

Khulud alianza kulia kabla hajaguswa. Taulo ilipokamuliwa, maji yakammwagikia mama yake mguuni, ule wa kushoto.

"Mama, mguu wako!"

"Nimeyapima," Bi Wahiba akasema. "Legeza tumbo."