Kofia ya Mpira wa Barafu

Kofia yangu ya kwanza ilikuwa ya njano, ya mgodini. Mjomba alikuja nayo kutoka Sekenke alikokuwa akichimba, akamwachia baba, na baba akanipa mimi. Ilimfaa mtu anayetazama chini. Mrina asali anatazama juu. Nilipofika kwenye tawi nikainua uso kuutafuta mzinga, kofia ikatoka kichwani, ikagonga shina, ikaangukia jiwe na kupasuka. Nyuki wakaziona nywele zangu. Nilishuka nimeukumbatia mti kama kenge, na miguu ilipogusa ardhi jicho langu moja lilikuwa limekwisha kufungika.

Baba mdogo alikuwa pale chini na kienge chake cha moshi. Alicheka mpaka akakaa.

"Nilimwambia kaka," akasema. "Msichana hapandi mzinga. Na hata akipanda, hapandi na sufuria kichwani."

Mimi si mtu wa maneno. Shuleni mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, nilikuwa najibu nikitazama vidole vya miguu yangu, na jibu linabaki huko huko chini. Nilimaliza darasa la saba hivyo hivyo. Lakini mti sikuwahi kuuogopa. Mti hauulizi maswali.

Nyumbani kwetu ni Rungwa, na mizinga ya baba imetundikwa porini, kwenye miti ambayo yeye mwenyewe aliichagua akiwa kijana. Kisha siku moja akaanguka kutoka mtini. Nyonga yake ilipona vibaya, na sasa anatembea na fimbo. Mimi ndiye mkubwa, wanaonifuata bado wadogo. Baba mdogo, ndugu yake, alikuwa amekwisha kusema mara nyingi: "Nitakurinia, kaka. Tutagawana." Alisema kwa upole, na huenda alikuwa na nia njema. Lakini kwetu kila mzinga una alama ya mwenyewe, imechomwa kwa chuma cha moto, na alama haipandi mti. Mtu akikurinia misimu kadhaa, watu wanaisahau alama, wanamkumbuka mpandaji. Mwisho utasikia wakisema "mizinga ya fulani," na huyo fulani si wewe.

Jioni ile baba alinitoa miiba ya nyuki usoni, mmoja mmoja, kwa ncha ya kisu.

"Unataka kupanda tena?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sema nisikie."

"Nataka."

"Basi ubaya si wewe. Ubaya ni kofia." Akafuta kisu kwenye suruali. "Nenda mjini kwa shangazi yako, mkatafute nyingine. Isiwe nyeusi. Nyuki anakichukia cheusi, anadhani ni nyegere amekuja kumlia watoto. Iwe na mkanda wa kidevuni. Na masikio yako yasizibwe. Nyuki unamsikiliza kwanza, kumwona ni baadaye."

Baba mdogo alikuwa mlangoni, alikuwa amekuja kutupa pole. "Sawa," akasema. "Akirudi na kofia inayokaa kichwani, apande mbele yangu. Akishindwa tena, msimu huu napanda mimi, na kaka usinung'unike."

Baba aliniangalia mimi, hakumwangalia yeye. "Sawa," akajibu.

Shangazi anaishi Utemini, Singida mjini. Barazani kwake kuna friji, na ndani ya friji anagandisha barafu za ubuyu na za ukwaju kwenye vifuko vidogo. Wanafunzi wakitoka shule wanajaa pale wakizinyonya. Umeme ukikatika anazunguka friji kama mama mwenye mtoto mgonjwa. Alipoliona jicho langu alilaani nyuki wote wa Rungwa, kisha akajifunga kitenge, tukaenda kwenye mitumba.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye sauti kubwa, amesimama juu ya benchi katikati ya viatu na majaketi.

"Karibu mama, karibu dada! Nguo? Viatu?"

"Kofia ngumu," shangazi akasema.

"Helmeti! Zipo!" Akanivalisha ya bodaboda kabla sijasema kitu. Ilikuwa nyeusi tii, na mbele ina kioo. Dunia ikanyamaza. Niliona midomo ya shangazi ikicheza, sikusikia neno. Nilipovuta pumzi mara chache tu, kioo kikapata ukungu. Nikaivua.

"Nyeusi," nikaviambia vidole vyangu.

"Nini dada?"

"Anasema nyeusi," shangazi akadakia.

"Sasa mama, nyeusi ndiyo inayotoka! Bodaboda wote wa mji huu..."

"Huyu hana bodaboda. Ana nyuki."

Kijana akaruka kutoka kwenye benchi. "Anao hapa?"

Akaleta ya baiskeli. Ilikuwa nyepesi, nzuri, ina mkanda, lakini ina matundu kila mahali. Nikaigeuzageuza. "Hii watahamia," nikasema. Watu waliokuwa wakichagua nguo wakacheka, nami nikashtuka kugundua kwamba wamecheka kwa sababu yangu, na si kwa ubaya.

Ndipo nikaiona. Ilikuwa chini ya rundo la mabuti, nyeupe, imejaa mikwaruzo, na mbele yake ina wavu wa chuma kama dirisha la duka. Nikaivuta.

"Hiyo achana nayo," muuzaji akasema. "Hata mimi sijui ilifikaje. Nilifungua belo la majaketi ya baridi nikaikuta katikati. Nadhani ni ya magereza."

Mimi sikufikiri hivyo. Nilijua papo hapo. Nilijisemea kwamba kumbe Ulaya nako wanarina asali, na mrina mmoja wa huko amezeeka, ameacha kupanda, kofia yake imenifuata. Nyeupe, ina mkanda wa kidevuni, na kwenye masikio ina matundu mawili. Chuma cha mbele kingeushika wavu wa kitambaa mbali na ngozi, ili nyuki asiifikie pua. Nani mwingine angetengeneza kitu kama hicho, kama si mtu wa nyuki?

Jirani yake, muuza viatu, alikuwa ameipiga picha kwa simu na kuitafuta mtandaoni. "Hii ni ya mpira wa barafu," akasema.

"Mpira wa nini?" shangazi akauliza.

"Wa barafu, mama."

"Kijana, mimi nauza barafu. Mpira wake sijawahi kuuona."

Akatuonyesha video. Wanaume wakubwa waliovaa kama magodoro wanateleza juu ya kitu cheupe, wameshika magongo, wanagongana, wanatupana ukutani.

"Wote hao wanagombea barafu moja?" shangazi akauliza.

"Hapana mama, wanacheza juu ya barafu. Uwanja mzima ni barafu."

Shangazi akaisogeza simu karibu na macho. "Uwanja mzima! Sasa hao umeme wao haukatiki?"

Watu wakacheka tena. Mimi nilikuwa bado natazama. Niliona aibu kidogo kumpoteza yule mrina wangu mzee wa Ulaya. Lakini katika video mtu mmoja alisukumwa akagonga ukuta kwa kichwa, nikafumba macho, na nilipofumbua alikuwa ameinuka, ametikisa kichwa, anakimbilia tena kule kule kwenye ugomvi. Nikaivaa. Nikafunga mkanda. Nikatazama juu, mpaka kwenye mabati ya kibanda. Haikuanguka. Nikasikia kelele zote za soko.

"Dada, kwa nia njema kabisa," muuzaji akasema, "chukua ya bodaboda. Hii utachekwa."

Nilimtazama. Katikati ya zile nondo niliyaona macho yake, na nilikaa hapo, sikushuka mpaka viatuni kama kawaida yangu.

"Nachukua hii," nikasema.

Kwenye bei ilibaki kazi ya shangazi. "Utamuuzia nani mwingine?" alimuuliza. "Unangoja mvua ya mawe, ili Singida tuanze kucheza?" Kijana akashindwa.

Nyumbani shangazi hakuiamini mpaka aijaribu. Aliniambia nikae kwenye kigoda, akachukua mchi wa kinu, akanigonga utosini, kwanza kidogo, halafu si kidogo.

"Unasikiaje?"

"Nasikia sauti. Maumivu sisikii."

"Haya," akasema, akaenda kuchukua sindano. Tukashona kipande cha chandarua kuzunguka kofia yote, kikashuka mpaka mabegani. Lakini chandarua kilikuwa cheupe, na nilipotoka nacho uani jua likanipiga machoni, sikuona hata mlango. Nilikaa nikafikiri, kisha nikakwangua masizi chini ya sufuria, nikayachanganya na maji kidogo, nikapaka sehemu ya mbele peke yake, mbele ya macho. Likawa dirisha dogo jeusi. Nikaona vizuri. Nyegere ana uso mkubwa kuliko ule, nikajiambia, watanisamehe.

Niliporudi Rungwa nilifanya kosa moja. Baba mdogo aliiona mkononi mwangu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Hicho nini? Mtego wa panya?"

Ningenyamaza tu. Lakini nilijibu ukweli. "Ni kofia ya mpira wa barafu."

Akarudia kwa sauti ili majirani wasikie. "Mpira wa barafu!" Kesho yake watoto walikuwa wakiniona kwa mbali wanaita, "Barafu! Barafu!", kama vile wanamwita muuzaji, na mmoja akauliza kama ya ubuyu ipo. Wanawake kisimani wakaficha midomo kwa kanga. Zamani ningepita njia ya nyuma. Safari hii nilipita kati yao, nimeivaa, nikateka maji nimeivaa, nikaondoka nimeivaa. Ilikuwa joto mle ndani, jasho linaingia machoni, na ndoo isingekaa kichwani, nikaibeba mkononi mpaka nyumbani. Sikuivua.

Siku ya kurina jua lilikuwa limeanza kulala. Baba hakuweza kufika porini, kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na baba mdogo, chini ya mninga. Nilivaa koti la mvua la baba na glovu.

"Haya Barafu," akasema. "Leo tutalamba asali ya baridi."

Nikapanda. Kienge kiko mgongoni kinafuka, kamba ya ndoo kiunoni. Kwenye tawi nikatazama juu, na kwa mazoea mkono wangu ukaenda kushika kofia. Haikuhitaji kushikwa. Nikausogelea mzinga, nikatega sikio kama baba alivyonifundisha. Ndani walikuwa wanavuma pole pole, sauti ya chini. Nikapuliza moshi, nikafungua kifuniko.

Wakatoka. Nilisikia wakitua kwenye chuma, tik, tik, kama mvua inayoanza. Tumbo la nyuki mmoja lilikuwa mbele ya jicho langu kabisa, anachoma hewa. Mwingine alipata njia kwenye mshono wa glovu akanichoma kidole, nikauma meno.

"Shuka!" baba mdogo akapiga kelele. "Wamekasirika!"

Sauti yao ilikuwa imepanda, kweli. Lakini nilikuwa naisikia. Nilijua ni ya kuuliza, haijawa ya vita.

"Shuka nimesema! Utaanguka kama baba yako!"

Neno hilo liliniingia kuliko mwiba. Nikamjibu bila kushusha uso. "Sishuki!" Sijui kama nilikuwa nimewahi kupaza sauti namna hiyo. Hata nyuki wachache waliruka. Nikapuliza moshi tena, nikangoja, na kuvuma kukashuka kidogo kidogo. Nikakata masega, nikawaachia yao ya ndani, nikaishusha ndoo kwa kamba. Kabla sijafunga kifuniko niliona alama ya baba ubavuni mwa mzinga, mistari miwili na nukta. Nilikuwa sijawahi kuiona kwa karibu. Nikaipitisha kidole, kile kilichochomwa.

Nilipofika chini baba mdogo alikuwa amesimama mbali, nyuma ya kichaka. Akaja, akaangalia ndani ya ndoo. Ilijaa.

"Vua hicho kitu," akasema, "tuongee kama watu."

Sikuvua. Nilimtazama.

"Baba mdogo, nakuheshimu. Lakini mizinga ya baba narina mimi. Huu na ile mingine. Na msimu ujao."

Alitafuta la kucheka, nikaona hakulipata.

"Kumbe unaongea," akasema.

"Naongea."

Tukarudi, mimi nimeshika ndoo upande mmoja na yeye upande wa pili, maana ilikuwa nzito na yeye hakutaka nionekane nimeibeba peke yangu. Watoto wakaita Barafu. Nikawapungia mkono. Baba alikuwa mlangoni na fimbo yake. Aliiona ndoo, lakini kwanza aliigonga kofia kwa vidole, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi.

"Uliwasikia?"

"Niliwasikia."

Akaingia ndani kutafuta bakuli.

Baada ya siku chache mama mdogo, mke wa baba mdogo, alikuja kwetu. Mumewe anataka kurina mizinga yake, akasema, lakini nyuki wa mwaka huu ni wakali. Anaomba kile kitu cha kichwani, atarudisha.

Nilimkaribisha, nikampa asali aonje. "Mwambie aje mwenyewe," nikasema. "Nitampa. Ila aiombe kwa jina lake lote, kofia ya mpira wa barafu, na majirani wasikie."

Hajaja bado. Kofia iko nyuma ya mlango, kwenye msumari.