Mke wangu anadhani namkatia simu, kumbe nimewekwa upande wa wageni

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu lificheni vizuri maana Tabora nzima wananijua. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mstaafu wa reli, nakaa Itetemia. Haya naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, sijasaidiwa na mtu. Shule niliishia darasa la nne lakini nilikuwa naongoza, wenzangu walipumua nilipoondoka. Nyumba hii nimejenga mimi na matofali nimechoma mimi. Mke nimeoa mmoja tu, sikuhitaji wa pili kwa sababu nilichagua vizuri.

Huyo mke ndiye anayenifanya niandike. Alipata kiharusi, upande mmoja ukalala na sauti ikaondoka kabisa. Binti yetu, nimwite Zuhura, akamchukua Dar kwenye matibabu. Mimi mguu una kidonda cha sukari, daktari kanikataza safari. Basi ndoa yetu ikawa ya kwenye simu, na siyo simu ya kuongea, maana mwenzangu haongei. Lazima picha. Kila baada ya magharibi Zuhura anamshikia simu, mimi nazunguka naye uani namwonyesha kuku wake, mihogo yake, hadi mbuzi aliyetafuna kanga yake. Akifurahi ananyanyua mkono wa kushoto. Akikasirika anafumba macho. Namwelewa hivyo kuliko hata alipokuwa anasema.

Intaneti ya nyumbani aliweka kijana wangu wa kwanza, anaishi hapa na mkewe, anafanya kazi za kompyuta za watu wa mbali. Msije mkaniambia ninunue bando, huku kwetu bando picha haitembei, nimejaribu. Sasa mimi siyo mchoyo. Kwangu hapiti mtu akanyimwa maji, nitamnyimaje waifai? Wazee wenzangu wa kahawa niliwapa paswedi wote, na jirani, na shemeji wa jirani. Nilikuwa nawaambia, "Kaeni, kwangu intaneti haiishi." Baraza likajaa kama pana msiba.

Kijana akalalamika vikao vyake vinakatika. Akanunua ruta kubwa ya masikio manne, inayogawa intaneti unavyotaka wewe, huyu mbele huyu nyuma. Alipoanza kunieleza nikamkatisha. "Mwanangu, mimi nimepisha treni pale stesheni ya Tura kwenye njia moja. La mizigo linawekwa pembeni, la abiria linapita. Unanifundisha nini?" Akacheka, akasema, "Ndiyo hivyo hivyo baba, umemaliza." Sikujua kuwa mzigo ni mimi.

Tangu hapo mke wangu akawa ananigandia. Uso unasimama, jicho nusu limefumba, mimi natikisa simu naita, halafu inakata. Nikawa nalaumu mvua za Dar.

Siku moja mtani wangu, Mgogo mmoja tunakunywa naye kahawa, simu yake ikagoma, akamwomba mkwe wangu paswedi. Mkwe akamjibu kwa adabu zake zote, "Babu, andika hiyo hiyo ya zamani, ndiyo ya wageni. Hata baba anatumia hiyo."

Mgogo akageuka, akanyanyuka, akanipa mkono. "Karibu sana mgeni! Umeshukia wapi? Wamekupa hata uji hawa?"

Baraza lote likaangua kicheko. Mimi Mnyamwezi, babu yangu alibeba pembe za ndovu begani kwa miguu hadi Bagamoyo, leo nakaribishwa na Mgogo nyumbani kwangu! Nilicheka nao, utani ni utani. Kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani, ule upande anaolala mke wangu.

Kijana aliporudi kutoka mjini nikamuuliza, "Mimi ni mgeni wa nani?"

"Baba, ni jina tu la kwenye ruta. Wote wenye paswedi ya zamani wameangukia huko. Nipe simu nikuhamishe sasa hivi. Ila hii mpya usimpe mtu."

"Unanipa masharti? Ndani ya nyumba yangu?"

"Baba, nikikatika tena kwenye kikao kazi imekwisha. Dawa za mama zinatoka kwenye kazi hiyo hiyo."

Nikamwambia simu yangu haigusi mpaka aje aniombe radhi barazani, mbele ya wale walionicheka. Akaniomba radhi palepale, machozi yanamlenga, lakini barazani hataki. Anasema akiniinua mbele ya wale wazee, nitawagawia na hiyo mpya palepale. Hatusemezani sasa, tunapishana ukumbini.

Juzi Zuhura kanipigia ya sauti. "Baba, mama nikimsogezea simu anafumba macho. Anadhani unamkatia makusudi, umechoka kumtazama alivyo."

"Mwambie ni mtambo!"

"Nimemwambia baba. Amegeukia ukutani."

Nikamwomba amwekee simu sikioni. Nikamwita jina lake la usichana, ambalo huliita mimi peke yangu. Nikasikia pumzi tu. Jamani, mimi sijui kusoma pumzi. Ningeuona ule mkono ningejua.

Sasa nikimpa kijana simu, nimekubali kukaribishwa kwa masharti katika nyumba niliyoijenga, na wale wazee niliowaambia haiishi nitawanyima kwa mdomo wangu mwenyewe. Nisipompa, mwenzangu anaweza kuondoka duniani akiamini nimemkinai. Mimi! Ambaye sijawahi kumkinai hata siku moja.

Nishaurini, nifanye nini? Wa kutukana tukaneni lakini mniambie haraka, Zuhura anasema tangu jana mama yake hajameza kitu. Na mkinijibu mwandike tu. Msinitumie sauti wala picha, huku nilikowekwa hazifiki.