Kitabu Nilichokibusu

Mimi ni mtu wa kusoma, na sioni sababu ya kujificha. Nasoma gazeti lililofungiwa maandazi, nasoma karatasi ya maelezo ya dawa hata kama dawa yenyewe ni ya mbuzi. Mwaka fulani niliwahi kupitilizwa na treni pale Igalula kwa sababu ya riwaya tamu, nikashuka kituo cha mbele na kurudi kwa bodaboda huku nikicheka peke yangu. Kwenye duka langu la madaftari hapa Kanyenye, Tabora, wateja wameshanizoea. Ukinikuta katikati ya ukurasa, ngoja umalizike.

Nayasema haya ili mjue kiburi changu kilikuwa kikubwa kiasi gani.

Naishi na shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Amepita miaka themanini, na maisha yake yote ameshona kofia za mkono. Ukimuuliza, atakwambia, "Mimi sijui kusoma, mwanangu." Popote panapotakiwa sahihi anaweka dole gumba. Kwa miaka mingi nimemsomea magazeti kila Ijumaa, polepole, neno moja moja, kama nalisha mtoto uji. Nilimwonea huruma. Nilijiona nina moyo mzuri, kumbe!

Mvua za mwaka jana zilituletea mchwa. Wakapanda ukutani nyuma ya kabati la chumba cha Shangazi, na juu ya kabati hilo kulikuwa na kifurushi cha kitambaa cheupe ambacho tangu nizaliwe sikuwahi kukigusa. Kwetu karatasi yenye herufi za Kiarabu haitupwi wala haiwekwi sakafuni, maana hujui jina la Mungu limeandikwa wapi. Sote tulijua kile ni kitu cha dini. Basi nikatia udhu, nikakiteremsha, nikaenda kukifungua uani. Ndani mlikuwa na kitabu kinene kilichoshonwa kwa uzi, karatasi zimekuwa rangi ya chai, pembe moja imeliwa. Nilipoziona herufi zile nikakibusu, nikakiweka kwenye paji la uso, machozi yakanilengalenga.

Shangazi, aliyekuwa anashona pale uani, akaangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka mikononi.

"Mtume! Wewe mtoto, unabusu ugomvi wa bibi yangu na jirani yake?"

Akaninyang'anya. Akakisogeza kitabu karibu na pua, akageukia jua, akasoma. Wallahi! Kilikuwa Kiswahili! Kiswahili cha hapahapa kwetu, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na mkono wa bibi yake, aliyekuwa msichana wakati misafara ya mwisho inapita Tabora, kabla treni haijafika. Ndiye aliyemfundisha Shangazi kusoma, Shangazi alipokuwa na miaka saba.

"Shangazi, si husema hujui kusoma?"

"Watu wa serikali walipokuja kutuuliza nani anajua kusoma, walinionyesha kitabu cha shule, cha herufi za kizungu. Kile sikijui. Wakaandika hajui, wakaenda zao. Ningebishana nao ili iweje?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Mtu ninayemlisha uji, kumbe ana kitabu ambacho mimi na rafu zangu zote siwezi kukifungua kinywa.

Aibu hiyo haikupata nafasi ya kukaa, kwa sababu daktari alikuwa ameshatuambia kuhusu macho ya Shangazi. Presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kitakwenda. Katika ukoo mzima hakuna mwingine anayekijua kitabu kile. Macho yakizimika kabla sijajifunza, bibi huyo atakuwa ameandika bure.

Nilikwenda madrasa utotoni, herufi nazijua. Lakini msahafu una alama za irabu za kukushika mkono, na bibi hakuweka hata moja. Tena alikuwa bahili wa karatasi, maneno yamebanana kama wageni wa arusi kwenye mkeka. Tukapanga: kila asubuhi, jua likishafika uani na kabla sijafungua duka, ukurasa mmoja. Shangazi anasoma, mimi nafuata kwa kidole.

Nimesoma vitabu vingi, lakini sijawahi kushangaa namna ile. Mahali pale pale ninaponunua nyanya, bibi alisikia njuga za wapagazi kabla ya kuwaona. Aliandika jinsi mabega yao yalivyoota sugu kwa meno ya tembo. Aliandika kwamba mmoja aliacha mkeka wake uani akasema atarudi kuuchukua, na kwamba yeye aliuanika mkeka huo kila kiangazi, miaka na miaka, mchwa wasiule. Sentensi tatu tu. Nilifunga duka mapema siku hiyo.

"Ewe msomaji mkubwa," Shangazi alinichokoza kila nilipojikwaa, "hata mbuzi angeshaijua herufi hiyo." Mimi namjibu mbuzi asingekaa asikilize kelele zake. Tunacheka, tunaendelea.

Kiangazi hiki, asubuhi moja, alikuwa anasoma habari za arusi ya jirani: ngoma, pilau, bwana arusi aliyechelewa. Anasoma vizuri, sauti imetulia. Kidole changu kikasimama. Mstari niliouwekea kidole ulisema chumvi. Nikasoma unaofuata kwa macho. Chumvi ya Uvinza imelowa njiani, wenye mizigo wanagombana. Hapakuwa na arusi ukurasa mzima. Nikamtazama Shangazi. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi, wazi, hayasogei.

Nikaendelea kusogeza kidole kana kwamba sijaona kitu. Kesho yake akanisomea arusi nyingine, kesho kutwa msiba, na kila mara alifungua ukurasa kwa wakati wake, kwa heshima, akilamba kidole.

Siku ya nne nilishindwa.

"Shikamoo, Shangazi. Leo naomba nisome mimi."

"Marahaba." Akapapasa mpaka akapata magoti yangu, akaniwekea kitabu. "Tangu lini umejua?"

"Tangu ukurasa wa chumvi."

Akapumua kwa nguvu. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi umejua kusoma."