Mwani wa Ncha ya Kusini Katika Joto la Guangzhou

Ipo asubuhi moja ya Guangzhou ambayo hata leo ikinijia huacha ninachokifanya nikakaa kitako. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, likizo ya kiangazi, joto lile la kule ambalo nguo hukugandama mwilini kabla hujamaliza kuivaa. Niliingia maabara nikakuta kimya. Feni hazizunguki, taa haziwaki, na lile kabati kubwa la baridi lililozoea kunguruma saa zote limenyamaza. Nikaweka kiganja mlangoni mwake. Lilikuwa na ubaridi bado, lakini wa maji ya mtungi, si wa barafu.

Ngoja kwanza, mwanangu, nikueleze kilichokuwamo ndani, maana usipokijua utaona nilihangaika bure.

Mimi nilikwenda China kwa ufadhili wa masomo, binti wa Paje, Unguja, mama yangu mkulima wa mwani. Nilidhani nitasomea mwani wa baharini nirudi nimsaidie. Lakini mwalimu aliyenichukua, Mwalimu Liang, mama mtu mzima mwenye nywele fupi za mvi na sauti ya chini, alishughulika na mwani wa namna nyingine kabisa. Huo makazi yake ni nchi kavu ya Antaktika, ncha ya kusini ya dunia, na ni mdogo kiasi kwamba bila darubini huuoni. Ukipita pale utasema pana mawe na barafu tu. Kumbe juu ya udongo ule ulioganda kuna utando mweusi kama ukoko wa wali, na ukoko huo ni bakteria hai wa rangi ya kijani na buluu. Wengine wamejichimbia ndani ya jiwe lenyewe, mahali ambapo mwanga unapenya kwa shida. Wapo wanaokaa kwenye theluji na kuifanya nyekundu kama imemwagiwa sharubati. Wapo daiatomu, waliovaa ganda la kioo lenye nakshi ambazo fundi wa milango ya Unguja angezionea wivu. Wote hao wanajipikia chakula kwa mwanga wa jua, kama lifanyavyo jani la mchicha.

Rafiki yake Mwalimu aliyesafiri na meli za utafiti ndiye aliyemletea udongo na theluji ya huko. Mwalimu akakaa miaka akiwatenganisha, kila aina na chupa yake, kabatini kwenye baridi na taa hafifu. Wengine walinawiri wakajaza chupa kijani kibichi. Wengine walikuwa kama kivuli tu ndani ya maji. Mwanzoni mwanzoni nilichukua chupa mojawapo ya hizo za kivuli nikaenda kuimwaga, nikidhani haina kitu. Mwalimu Liang alinishika mkono kabla sijafika kwenye sinki.

"Umeitazama?" akaniuliza.

"Nimeitazama, Mwalimu. Ni maji."

"Kwa darubini?"

Akaniketisha, akaweka tone kwenye kioo, akanisogezea. Humo ndani kulikuwa na vijichombo vya rangi ya dhahabu vinakwenda polepole, kila kimoja na nakshi zake. "Hawa hawakui haraka na hawajitangazi," akasema. "Joto la chumba hiki linawaua. Wale weusi na wale wa kijani kibichi ukiwasahau mezani utawakuta wazima. Hawa ukiwasahau, wamekwisha." Hakupandisha sauti hata kidogo, na mimi masikio yaliniwaka siku nzima.

Sasa asubuhi ile Mwalimu alikuwa safarini Beijing, wenzangu wote wamekwenda makwao, na funguo za maabara ninazo mimi. Nikamwendea mlinzi wa jengo. Akaniambia transfoma imeungua, mafundi wanahangaika nayo, pengine umeme utarudi kesho. Jengo zima, mpaka jokofu la jikoni, lilikuwa kwenye laini hiyohiyo.

Mtu pekee niliyemfikiria ni Ami Mbarouk, kaka yake baba. Ami alikuwa mfanyabiashara, ana kijiofisi chake kwenye jengo la Tianxiu, na kila Jumapili alinichukua kwenda kula tambi za kuvuta kwa mkono kwenye mgahawa wa Waislamu wa kaskazini, pale mtaa wa Xiaobei. Wallahi tambi zile na harufu ya udi iliyojaa kwenye lifti ya Tianxiu nikizikumbuka hunijia kama harufu ya nyumbani, na kumbe ni ugenini. Lakini Jumapili ile iliyotangulia tuliachana vibaya. Alitaka niache shule niwe mkalimani wake. "Unazungumza Kichina kama umezaliwa hapa," aliniambia, "na unakaa unalea ukungu kwenye chupa. Ukungu hata kwetu upo." Nikainuka mezani, tambi zangu nikaziacha zinapoa, na sikumpigia tena.

Basi nikaenda kwenye kibanda cha simu mtaani, nikapiga.

"Ami, kabati limezima. Vitu vyangu vinakufa."

Nyuma yake nasikia makelele ya soko la vitambaa la Zhongda, watu wanaburuza majora. Nikajiandaa kusikia neno ukungu.

"Unataka nini?" akasema.

"Barafu. Na maboksi yale meupe ya kuwekea samaki."

"Nina gari hapa nimelikodi la mzigo. Nisubiri getini."

Alikuja na majora ya vitenge vyake nyuma ya gari, dereva ananung'unika, na tukaenda moja kwa moja soko la samaki kando ya mto. Ami Kichina chake kilikuwa maneno machache tu, lakini maneno hayo aliyatumia kama mwenyewe. "Laoban," anamwita mwenye duka, kwa heshima zote, na akitajiwa bei anashika kichwa, "tai gui, tai gui," yaani ghali mno. Mara hii hakushika kichwa. Alilipa alichoambiwa akaanza kupakia mapande ya barafu yeye mwenyewe, kanzu yake imelowa mpaka magotini. Maboksi tuliyopata yalikuwa machache, mengine yote yalikwishachukuliwa na wenye samaki wao.

Tuliporudi, kipimajoto cha kabatini kilikuwa kimepanda vibaya. Nikafungua mlango na mara moja nikaona kwamba maboksi yale hayatazitosha chupa zote, wala hata nusu yake.

Ami akanyoosha mkono kwenye safu ya mbele, kwenye chupa zile nzuri za kijani. "Hizi kwanza," akasema. "Hizi zina uhai."

"Hizo ziache, Ami."

"Ziache?"

"Lete zile za nyuma. Zile zinazoonekana kama maji."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aache mtoto achukue mto wa kulalia. Nami moyo uliniambia chukua kinachoonekana, Mwalimu akirudi umwoneshe kitu. Zile za kijani zilikuwa kazi ya miaka yake pia. Lakini nilijua nani anavumilia na nani havumilii. Tukaanza na wale wa theluji, tukafuata daiatomu, tukawafunika kwa barafu na magazeti. Palipobaki nafasi tukaweka wengine. Zilizobaki tukazitia kwenye mabeseni ya maji, tukazifunika kwa vitenge vibichi vya Ami, na mchana kutwa yeye akawa anavilowesha upya, hanung'uniki.

Alasiri nilimwekea tone kwenye kioo nikamvutia darubini karibu na dirisha, kwa mwanga wa jua. Akainama. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani mgongo umemkamata.

"Subhanallah," akasema taratibu. "Na hawa wanaishi kwenye barafu?"

"Wanaishi, Ami."

"Na mimi nimewaita ukungu." Tangu siku hiyo habari ya ukalimani hakuitaja tena. Aliponitambulisha kwa wenzake pale Tianxiu alisema, huyu mtoto wa kaka yangu anasomea bustani za Antaktika.

Mwalimu Liang alirudi kesho yake, umeme umekwisharudi. Alikagua chupa moja moja. Wale weusi na wa kijani walikuwa wazima kwenye mabeseni yao, kama alivyosema. Daiatomu walisalimika karibu wote. Lakini aina moja ya mwani mwekundu wa theluji ilikufa kabla barafu haijafika, niliichelewa, na hapakuwa na chupa nyingine yake. Mwalimu aliishika ile chupa kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga. Nikaanza kuomba radhi. Akanizuia.

"Ni nani aliyekwambia uanze na hawa dhaifu?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Nilikwambia watakufa. Kuanza nao umeanza mwenyewe." Akanishika bega, akaenda kuwasha taa za kabati.

Wote wawili hawapo tena duniani, Ami na Mwalimu, na mimi sasa ndiye mwenye mvi. Nimelea, nimefundisha, nimesimamia watu kazini, na mara nyingi nimejikuta na watu wengi kuliko nafasi. Kila mara mkono umetaka kwenda mbele, kwa yule anayeng'aa, anayesikika, ambaye kumsaidia kunaonekana na watu.

Ninachokuomba ni hiki, mwanangu. Siku utakapobanwa, na utabanwa, jua kwanza ulionao ni akina nani, mmoja mmoja, uwajue kabla shida haijafika, kwa sababu siku ya shida hutapata wasaa wa kuwajua. Halafu anza na yule ambaye bila wewe hatavuka. Mwenye nguvu mlowanishie kitambaa, atakungoja. Na ukimpoteza mmoja, mlilie, kisha uwashe taa uendelee na waliobaki.

Mungu akupe jicho la kumwona asiyejitangaza, na mikono ya kumfikia mapema. Na siku nawe utakapokuwa hoi na umenyamaza, akuletee mtu wa kuanza na wewe. Amina.